Kitabu chako cha ndege kimeandikiwa wapi? Kwa mnaoanza kuongoza wageni Kisumu, Kakamega na Nakuru

Vijana wanaoanza kuongoza watazamaji wa ndege huuliza kwanza wanunue kitabu gani. Nami huwauliza: utafanya kazi wapi, na wageni wako watatoka wapi? Kitabu cha kutambulia ndege huandikwa kwa ajili ya eneo fulani. Ukikitoa nje ya eneo lake kitakupotosha, tena kwa picha nzuri kabisa.

Kwetu magharibi, anza na Birds of East Africa cha Terry Stevenson na John Fanshawe. Kilitoka mwaka 2002, toleo la pili likaja 2020, na kinahusu Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda na Burundi. Kuwemo kwa Uganda ni faida kubwa. Msitu wa Kakamega ni ncha ya mashariki ya ile misitu ya mvua ya Afrika ya Kati, kwa hiyo ndege wake wengi wana undugu na wa msitu wa Kibale, Uganda, kuliko wa Tsavo. Mtu akiingia humo na kitabu cha Afrika Kusini, hata kiwe kizuri namna gani, hatamkuta hata yule kulukulu mkubwa wa bluu ambaye kila mgeni huja kumtafuta.

Mwenye uwezo aongeze kile kikubwa cha Zimmerman, Turner na Pearson cha 1996, kinachohusu Kenya na kaskazini mwa Tanzania. Ni kizito kubeba, lakini kwa maelezo ya kina sijaona kinachokipita. Kisome jioni, nyumbani.

Sasa namna ya kukitumia. Wengi hufungua picha kwanza. Mimi nasema fungua ramani. Kuna chozi wa kifua chekundu, kwa Kilatini Cinnyris erythrocercus, ambaye kwa upande wetu wa Kenya ramani yake inakumbatia bonde la Ziwa Victoria. Ukiwa Nakuru na ukadhani umemwona, tafuta kwanza chozi mwingine anayefanana naye. Kisha soma mwinuko. Kisumu iko takriban mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, Nakuru karibu 1,850. Kitabu kikisema ndege hukaa juu ya mita 2,000, usipoteze asubuhi ya mgeni ukimsaka Dunga, kwenye ufuo wa ziwa pale Kisumu, panda milima ya Mau. Na ujue kwamba ukubwa wa ndege hulinganishwa ndani ya ukurasa mmoja tu. Ukifunua ukurasa unaofuata, huenda kipimo kimebadilika.

Baada ya ramani, soma makazi. Dunga ni darasa zuri la jambo hili. Kwenye mafunjo anaishi ndege aitwaye Laniarius mufumbiri, kifua chekundu, utosi wa manjano ya dhahabu, na mstari mweupe bawani. Nje kidogo, vichakani na hata kwenye bustani za watu mjini, yuko binamu yake Laniarius erythrogaster, naye ni mwekundu chini na mweusi juu, ila hana utosi wa manjano wala weupe bawani. Mgeni aliyesafiri kutoka mbali amekuja kwa ajili ya yule wa mafunjo. Ukimwonyesha binamu na kumwambia ndiye, akafika hotelini akafungua kitabu chake mwenyewe, hatakuamini tena kwa lolote, na atakuwa na haki.

Kakamega ugumu uko kwa shore wa msituni. Wako wengi, wote rangi ya zeituni, na wote hupenda kivuli. Picha hazitakusaidia sana hapa. Chagua mmoja umjue mpaka umchoke: Eurillas latirostris, mwenye sharubu za manjano, anayeimba karibu kutwa nzima. Sauti yake ikishakukaa sikioni, wengine utawatambua kwa kutofautiana naye. Programu za simu kama Merlin husaidia kusikiliza, lakini jibu la simu lichukue kama fununu, kisha umtafute ndege kwa darubini. Na tafadhali, usimpigie ndege rekodi ya sauti yake tena na tena ili atoke. Anaacha kulisha makinda na kuja kumfukuza adui asiyekuwepo.

Kuna kitabu ambacho wengi wenu hamtakifikiria: cha Ulaya. Kuanzia Septemba hadi Aprili kingo za Ziwa Nakuru hujaa vitwitwi waliotoka kaskazini ya mbali, na wengi wao hukaa kwetu wakiwa wamevaa manyoya ya kijivu yasiyo na alama. Kitwitwi mmoja wao, Calidris ferruginea, mwezi wa Novemba ni kijivu. Mwishoni mwa Aprili, kabla hajaondoka, amegeuka rangi ya tofali. Collins Bird Guide, ambacho kinahusu Ulaya, Afrika Kaskazini na Mashariki ya Kati, huwapa ndege hawa nafasi kubwa na kuwachora kwa umri na msimu. Mgeni kutoka Uingereza huenda anawajua kwa sura ya kiangazi chao. Kazi yako ni kumwonyesha kwamba huyu wa kijivu ndiye yule yule.

Wamarekani nao wamelelewa na mtindo wa Roger Tory Peterson, ambaye kitabu chake cha kwanza kilitoka 1934. Alikuwa akichora vishale vidogo kuelekeza jicho kwenye alama inayomtenga ndege na wenzake. Fanya hivyo kwa penseli kwenye kitabu chako. Mgeni wa Marekani pia ana majina yake ya Kiingereza, tofauti na ya Uingereza, kwa hiyo jifunze majina ya Kilatini taratibu. Ndege aitwaye Pluvialis squatarola ni huyo huyo kila mahali.

Ukiwa porini, tazama ndege mpaka aondoke ndipo ufungue kitabu. Andika mdomo, miguu, bawa, mkia na anachofanya. Ukiiona picha mapema, akili huanza kuona kilichochorwa badala ya kilicho mtini. Kwera dume akiwa nje ya msimu wa kuzaa hufanana na jike. Wengine hawatatambulika, nawe andika "kwera" tu.

Kitabu hakijui mambo ya mwaka jana. Ziwa Nakuru limepanda sana tangu karibu 2010, chumvi ikapungua, na heroe wadogo wengi wakahamia Ziwa Bogoria kufuata chakula. Ulizia wenzako kabla ya kumwahidi mgeni.

Vitabu vya kusini nilivyowaambia havifai Kakamega vina siku yao. Mbayuwayu wa bluu, Hirundo atrocaerulea, huzaliana kusini mwa bara na kuja kwetu, kwenye mbuga ya Ruma, kati ya Aprili na Septemba. Maisha yake ya kuzaa yako kwenye kitabu cha huko. Vitabu ni ghali, kwa hiyo changeni: kikundi kimoja kinunue cha Afrika Mashariki viwili, cha Ulaya kimoja, na cha kusini kiazimwe kwa mwenye nacho inapokaribia Aprili.