Jibu: Miaka 52 na gauni lisilo na mikono kwenye sendofu
Habari dada. Umeuliza kama kwa miaka 52 bado unaweza kuvaa gauni la kitenge lisilo na mikono kwenye sendofu ya Februari, maana mabinti zako wanadai umri umepita. Haujapita hata kidogo, na joto la Dar mwezi huo linataka mikono wazi! Angalia kwanza kwapa: siku ya kujaribisha, inua mikono, kisha keti. Sidiria ikionekana, fundi apandishe kwapa kabla ya kumalizia. Kitenge cha pamba kiloweke na ukianike kabla hakijakatwa, kisije kikasinyaa kikakubana kifua. Fundi aache inchi 1 ndani ya mishono ya ubavuni, ya kuachia ukinenepa. Bitana iwe ya pamba. Ya poliesta hainyonyi jasho vizuri.