Jibu: Jaja (mzee wetu) anapewa haloperidol, dawa ya akili, kila usiku, je, ile kanuni ya siku 14 inatuhusu?

Salaam dada, pole kwa Jaja. Umeuliza kama kituo chenu cha wazee hapo Kampala kinafungwa na ile kanuni ya siku 14. Hapana, hiyo ni ya Marekani. Kule, dawa ya akili ya "inapohitajika" kwa mzee wa kituoni ina kikomo cha siku 14, na kama ni ya aina ya haloperidol haiongezwi mpaka daktari amwone mgonjwa mwenyewe.

Kwetu Uganda shika Sheria ya Afya ya Akili ya 2018, na kumbuka haloperidol ni dawa ya cheti.

Mimi ni nesi, nimefanya kazi na wazee. Anza na chati: nani aliandika, lini, kwa sababu gani? Nimeona chati imeandikwa "inapohitajika", halafu sahihi imejaa saa mbili kila usiku, hata usiku ambao mzee alilala mapema. Hiyo si tiba, ni kurahisisha zamu. (Zamu ya usiku nesi akiwa peke yake, naelewa inavyotokea.)

Kisha angalia madhara ya dawa: mshike Jaja mkono ukunje kiwiko chake. Kikikaza, au anadondosha mate, mwambie daktari leo hii. Omba pia apimwe mkojo na malaria. Mzee akichanganyikiwa ghafla, mara nyingi chanzo ni ugonjwa wa mwili.

Dawa usiisimamishe mwenyewe. Kiasi cha kupunguza aseme daktari, hapo mimi sigusi. Wakikunyima chati, andika barua kwa msimamizi, ubaki na nakala yenye muhuri.