Sindano za kujenga misuli na mbegu za kiume
Ndugu, unauliza kama sindano za testosteroni, homoni ya kiume ambayo wengine hujidunga ili kujenga misuli, hupunguza mbegu za kiume: ndiyo, hupunguza, hata kama anayejidunga anajiona ana nguvu kuliko zamani. Homoni inapojaa kwenye damu kutoka nje, tezi ya pituitari iliyo chini ya ubongo huacha kuziamuru korodani zifanye kazi, nazo husinyaa na uzalishaji wa mbegu hushuka, wakati mwingine hadi sifuri. Jambo hili linajulikana kiasi kwamba Shirika la Afya Duniani lililijaribu kama njia ya uzazi wa mpango kwa wanaume: katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 1990, miligramu 200 kwa wiki ziliwaacha wengi wa washiriki bila mbegu hata moja ndani ya miezi 6, na dozi za jimu mara nyingi huzidi hapo. Kwa kawaida mbegu hurudi mtu akiacha, ingawa huchukua miezi, na kwa aliyetumia muda mrefu huweza kupita mwaka. Anayetafuta mtoto aanze na kipimo cha manii, na amtajie daktari kila alichojidunga bila kuficha.