DWG ya mpima kwenye Revit: uiunganishe au uiingize?

Mkuu, umeuliza ramani ya mpima (faili la DWG, yaani mchoro wa AutoCAD) uilete Revit, programu ya kusanifu majengo, kwa "Link CAD" au "Import CAD". Tumia Link. Faili linabaki nje ya modeli. Mpima akirekebisha, fungua "Manage Links", lichague, bonyeza "Reload". Usilihamishe folda tu, maana Revit italikosa. Import inanakili mchoro ndani na hausasishwi tena.

Kosa baya kabisa ni kuimport kisha kubonyeza "Explode", amri ya kuvunja mchoro vipande. Leya (tabaka za mchoro) zote zinageuka mitindo ya mistari ndani ya mradi, na kuisafisha ni adha. Mchoro wenye vipande zaidi ya 10,000 hata haupasuki.

Wengi hukwama kwenye umbali. Ramani ya UTM (mfumo wa kuratibu za ramani) iko mbali mno na sifuri ya modeli, na mchoro ukitanuka kupita kilomita 32 hivi, Revit hupoteza usahihi. Kwa hiyo safisha kwanza faili ndani ya AutoCAD kwa PURGE (amri ya kuondoa visivyotumika), futa vitu vilivyozagaa mbali. Kipimo chagua mwenyewe, mita au milimita, usiiachie programu ikisie. Na kama utajenga mwinuko wa ardhi kutoka humo, usitie tiki "Current view only".