Bren yenye kutu: weka msasa chini kwanza

Mkuu, umesema umenunua Bren, ile bunduki nyepesi ya rashasha ya jeshi la Uingereza, iliyozimwa (yaani imelemazwa isiweze kufyatua tena) huko Uingereza unakoishi, rangi imebabuka, kutu imeanza, na unataka kuipiga msasa mpaka ing'ae. Usithubutu.

Yangu ya kwanza niliiharibu hivyo hivyo. Wikendi nzima nasugua, ikameremeta kama sufuria ya harusi. Nikaipeleka mnadani kwenye vitu vya kale vya kijeshi. Mzee mmoja akapitisha kidole ubavuni, pale palipokuwa na chapa za wakaguzi, akaguna, akairudisha mezani. Hata bei hakuuliza.

Bunduki hii haikuzaliwa inang'aa. Chuma kilitiwa fosfeti kikawa kijivu kizito, na nyingi zikapakwa rangi nyeusi juu yake. Kutu ya juu juu itoe kwa mafuta mepesi na ile waya laini kabisa ya kusugulia vyombo, na ukifika kwenye maandishi acha. Ukisoma Inglis, hilo ni jina la kiwanda, ujue ilitoka Toronto, Kanada. Jina Bren lenyewe ni Brno, mji wa Wacheki walioichora, likaunganishwa na Enfield, kwenye kiwanda cha silaha cha Uingereza.

Kilichonitoa jasho ni kile kipande cha kupimia gesi chini ya mtutu. Kina matundu manne ya ukubwa tofauti, na masizi yalikuwa yameganda kama ukoko wa wali. Nyundo weka mbali! Nilikiloweka kwenye mafuta ya taa siku mbili, ya tatu kikazunguka kwa vidole. (Yangu ilizimwa kabla ya 1995, vipande bado vinacheza. Kama yako ni ya juzi imechomelewa, hilo halikuhusu.)

Kitako kipake mafuta ya kitani kidogo kidogo kwa kiganja. Vanishi hapana.

Magazini kupinda si kasoro, usije ukainyoosha. Risasi ya .303 ina ukingo kwenye kitako chake, ukizipanga safu yake inajipinda yenyewe. Zinaingia 30, ila babu yangu, aliyekuwa Keya (askari wa KAR, jeshi la Waingereza Afrika Mashariki) kule Burma, alisema walitia 28 ili isikwame.

Halafu cheti cha kuzimwa, angalia ilizimwa kwa utaratibu upi. Tangu 2017, iliyozimwa kwa utaratibu wa zamani unaweza kukaa nayo, lakini kuiuza au kumpa mtu ni kosa mpaka izimwe upya kwa vipimo vya sasa.

Tupia picha ya ubavu wenye maandishi kabla hujagusa kitu.