Unapoanza kusoma vita vya Pasifiki, anza na seksheni

Wadogo zangu mnaoingia kwenye somo hili, mwaka wangu wa kwanza wote niliupoteza kwenye bunduki. Nilijua uzito wa kila moja, idadi ya risasi zake na mwaka ilipoanza kutumika. Ila ungeniuliza nani aliibeba, na nani alilala kifudifudi ubavuni mwake, nisingekuwa na jibu. Silaha ikitengwa na seksheni, yaani kikundi kidogo cha askari wanaopigana pamoja, haielezi vita.

Chukueni seksheni ya Marine wa Marekani, askari wa majini wanaoshuka kupigana nchi kavu, kuanzia Machi 1944. Watu 13: sajini mmoja na timu tatu za watu wannewanne. Katika kila timu kuna koplo anayeongoza, mpiga BAR, msaidizi wake, na askari mmoja mwenye bunduki ya kawaida. BAR ni rashasha nyepesi, magazini yake inabeba risasi 20, uzito karibu kilo 9. Kwa hiyo seksheni nzima ilikuwa na BAR tatu, na kila timu ilijengwa kuizunguka moja. Mwaka uliotangulia seksheni yao ilikuwa na watu 12 na BAR mbili tu.

Kwa nini wakabadili? Msituni sajini hawezi kuwaona watu 12, na mizinga ikianza hata sauti yake haifiki. Ukimpa makoplo watatu, anaongea na watatu. Akianguka yeye, timu bado zinajua la kufanya. Wazo hili halikuzuka ghafla: Evans Carlson, aliyewahi kutembea na jeshi la Wakomunisti wa China miaka ya 1930, aliigawa seksheni ya kikosi chake katika timu za watu watatu tangu 1942.

Mtaona nimetaja miezi. Fanyeni hivyo daima. Mtu akikuandikia kwamba "Marine walitumia bunduki ya Garand", muulize: lini? Waliposhuka kisiwa cha Guadalcanal Agosti 1942, wengi walikuwa na bunduki ya Springfield ya 1903, ambayo unakoki kwa mkono kila baada ya risasi moja, na inabeba tano. Garand, yenye risasi nane na isiyohitaji kukokiwa kila mara, ilifika pale na askari wa jeshi la nchi kavu, Rejimenti ya 164, tarehe 13 Oktoba. Marine waliitamani mno, na baadhi walizipata kwa njia ambazo bohari halikuandika.

Upande wa Japani, majina ya silaha yatawachanganya msipojua kalenda. Bunduki ya Aina ya 38 inahesabiwa kwa mwaka wa 38 wa utawala wa Meiji, yaani 1905. Aina ya 99 inahesabiwa kwa mwaka wa 2599 wa kalenda yao ya kifalme, yaani 1939. Ya kwanza ilitumia risasi ya milimita 6.5, ya pili 7.7. Jeshi lilipigana likiwa na zote mbili, na risasi za moja haziingii katika nyingine. Kwa jeshi linalolishwa kwa meli visiwani, hilo lilikuwa tatizo zito.

Kuna pia Aina ya 89, kizinga kidogo cha milimita 50 kilichobebwa na mtu mmoja. Wamarekani walidhani kinapigwa kikiwa juu ya paja kwa sababu kitako chake kimepinda. Kinakitwa ardhini; aliyekijaribu pajani aliumia vibaya. Mkikuta maandishi yanayorudia kosa hilo, yasomeni kwa tahadhari hadi mwisho.

Tusijione wageni katika habari hizi. Askari wa KAR (King's African Rifles, jeshi la Waingereza la askari wa Afrika Mashariki) katika Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki walipigana na jeshi hilohilo la Japani katika bonde la Kabaw, Burma, mwaka 1944, na seksheni zao zilijengwa kuizunguka Bren, rashasha nyepesi ya Waingereza.

Zoezi langu kwa kila anayeanza ni hili. Chora duara 13 kwenye karatasi, andika ndani ya kila moja cheo na silaha. Kisha futa mpiga BAR wa timu ya pili. Nani anaichukua? Msaidizi wake, maana ndiye aliyekuwa akibeba magazini za ziada na anaijua. Mfute na yeye, halafu endelea kuuliza hadi timu ibaki na mtu mmoja.