Kamera inavuta au inakuza?

SWALI: Natayarisha maelekezo ya Kiswahili kwa watu wanaoshika kamera ya video kwa mara ya kwanza. Kwenye zumu (zoom), yaani kufanya kitu cha mbali kionekane karibu au kikubwa, nimekwama. Mwenzangu mmoja anataka "kuvuta picha", mwingine "kukuza picha", wa tatu anashikilia "kusogeza picha". Lipi sahihi? Na ile maikrofoni ya kamera, niiite kipaza sauti?

JIBU: Wenzako hawajakosea sana. Shida ni kwamba kila mmoja anataja tendo lake, nanyi mnadhani ni tendo moja.

Kamera nyingi za video zina zumu mbili nyuma ya kitufe kimoja. Ya kwanza ni ya lenzi. Vioo vya ndani ya lenzi husogea, mti uliokuwa mbali ukaja kujaa kwenye fremu, na kihisi cha picha, yaani sehemu ya kamera inayopokea mwanga na kuugeuza picha, kikaendelea kutumika chote kama mwanzo. Hapo kitenzi ni kuvuta. Kazi hii Kiswahili kimeizoea kitambo kupitia darubini, neno lililotoka Kiajemi, ambako dur ni mbali na bin ni kuona. Mwenye darubini huvuta cha mbali kikaja karibu na jicho lake, ingawa chenyewe hakijaondoka kilipo.

Zumu ya pili ni ya dijitali, na hapa lenzi haifanyi chochote. Kamera hukata kipande cha katikati ya picha na kukitanua mpaka kijaze skrini. Huko ni kukuza, kama kioo cha kukuzia kinavyofanya juu ya gazeti: herufi inakuwa kubwa, wino hauongezeki. Piga hesabu uone. Kihisi chenye pikseli (nukta ndogo zinazounda picha) 3840 kwa 2160, ukikuza mara 2, kinabakiwa na eneo la 1920 kwa 1080, yaani robo tu ya pikseli zote. Ukirekodi kwa ukubwa uleule wa mwanzo, robo tatu zilizopungua kamera inazikisia. Ndiyo maana nywele za mtu zinaanza kuonekana kama zimepakwa rangi kwa brashi nene. Anayeanza asipoambiwa tofauti hii ataminya kitufe hadi mwisho, kisha ailaumu kamera.

Angalia pia kinachofuata kitenzi. Unavuta mti, unakuza picha. "Kuvuta picha" watu wanasema na wanaelewana, kwa hiyo sitaipiga marufuku, lakini katika maelekezo ningeandika "vuta kwa lenzi" na "kuza kwa dijitali", basi. Kinyume cha kuvuta ningekiita kurudisha. Kusukuma hapana, msomaji wako anaweza kuisukuma kamera kweli.

Kusogeza mwachie anayetembea. Mpiga video akipiga hatua tatu mbele, picha inabadilika kwa namna ambayo zumu haiiwezi: pua ya anayepigwa video inatokeza, na ukuta ulio nyuma yake unaonekana kama umerudi mbali. Akisimama palepale na kuvuta, uso na ukuta vinakua pamoja, uwiano wao uleule. Kwa hiyo "sogea" na "vuta" ni maagizo mawili tofauti, na kamera ikiwa mkononi tofauti hiyo inaonekana mara moja.

Sasa kipaza sauti. Kupaza ni kupandisha, na neno hilo linakaa vizuri mkutanoni, ambako sauti ya msemaji inapandishwa ifike kwa walio nyuma. Maikrofoni ya kamera haimpazii mtu yeyote, inanasa. Ungeweza kuiita kinasa sauti, ila kwa wengi jina hilo limeshachukuliwa na kile chombo cha kurekodia. Tena kipaza sauti chenyewe kina mzigo mwingine: wapo wanaokitumia kwa maikrofoni, wapo wanaokitumia kwa spika, na kamera nyingi zina vyote viwili. Andika maikrofoni. Ukitaka ya mtaani, maiki.

Hukuuliza, lakini naona mtego mwingine unakungojea: usiandike "kulenga" kwa maana ya fokasi, yaani kuifanya picha ya kitu ionekane wazi bila ukungu. Kulenga ni kuielekeza kamera. Unaweza kumlenga mtu barabara, katikati kabisa ya fremu, na bado akatoka na ukungu kwa sababu fokasi imeshika ua la nyuma yake. Andika hivi: "Mlenge mhusika, mvute kwa lenzi mpaka ajae kwenye fremu, weka fokasi machoni pake, ndipo uanze kurekodi."